Mcheza kwao hutuzwa: Je, na mcheza vidio?

Msomaji, ikiwa una kijana wa miaka 14 au 15 nyumbani, yamkini swali hili limewahi kuzusha mabishano kati yenu. Umemtuma dukani mara moja, naye akakawia saa mbili. Unapotoka kumtafuta unamkuta ndani ya kibanda chenye giza, macho kayakodoa kwenye runinga, padi ya kubonyeza iko mkononi, na wenzake wamemzunguka wakipiga kelele kana kwamba wako uwanjani. Ukimkemea, anakujibu bila kupepesa macho: "Mama, hii nayo ni spoti."

Je, ana haki ya kusema hivyo?

Swali hili si la watu wa Nairobi au Ulaya peke yao. Katika miji ya mpakani ya Busia na Malaba, pesa hupita mkono hadi mkono upesi sana. Malori yaendayo Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo hupanga foleni Malaba, wabadilishaji fedha huhesabu noti za nchi mbili barabarani, na kijana mwenye miguu myepesi hakosi shilingi mbili tatu kwa kubeba mzigo au kutumwa. Shilingi hizo lazima ziishie mahali. Zamani ziliishia kwenye kumbi za sinema za vidio na meza za pool. Siku hizi nyingine zinaishia kwenye kandanda ya PlayStation, ambapo desturi ya vibanda vingi ni kwamba anayefungwa ndiye anayelipa.

Kwa hiyo jambo lenyewe si dogo. Mzazi akikosea upande huu, huenda akamvunja moyo mtoto mwenye kipaji. Akikosea upande wa pili, atakuwa akilipa karo ya mtoto aliyeko shuleni kwa jina tu.

Kiswahili chetu nacho hakitusaidii sana kukata shauri. Neno letu "mchezo" limebeba kila kitu. Kandanda ni mchezo, bao ni mchezo, watoto wakijipikia udongo nyuma ya nyumba wako mchezoni, na waigizaji jukwaani huonyesha mchezo. Wahenga wenyewe walivuta kamba pande mbili. Walisema mcheza kwao hutuzwa, kisha wakaonya kwamba mzaha mzaha hutumbuka usaha. Basi tupime wenyewe.

MIZANI YA JASHO

Hoja ya kwanza utakayoisikia kwa wazazi ni ya jasho. Spoti, watasema, ni kukimbia, kuruka, kupiga mbizi na kuvuja jasho. Mtu aliyeketi kitako akitumia vidole gumba viwili hawezi kuitwa mwanaspoti.

Hoja hiyo ina mvuto. Lakini mwenyeji wa Busia ndiye angekuwa wa kwanza kuitilia shaka. Ni kwenye mpaka huu, miaka ya 1960, ndipo vijana walipoanza kuwabeba wasafiri kwa baiskeli kutoka kituo cha nchi moja hadi kituo cha nchi ya pili. Waliita abiria kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, wakalirudia mara mbili, na ndimi zetu zikalifanya boda-boda. Jina hilo limeenea Afrika Mashariki nzima. Pikipiki zilipofurika nchini baada ya serikali kuziondolea ushuru zile ndogo mwaka 2008, nazo zikalirithi.

Mtazame basi mwendesha baiskeli wa Busia. Kampakia mama mzima na gunia lake juu ya karia, anapanda mlima jua la saa saba likimchoma utosini, na jioni atakuwa amesafiri kilomita ambazo wewe na mimi hatuzimalizi kwa wiki. Jasho linamtiririka. Umewahi kumsikia mtu akimwita mwanaspoti? La hasha. Anaitwa mtu wa boda.

Sasa sikiliza. Mwaka 2008 mpiga picha mmoja wa Singapore, Nicholas Leong, aliwapeleka Ufaransa vijana wawili kutoka Eldoret, mmoja wao akiwa mwendesha boda-boda ya baiskeli. Aliwapandisha mlima wa Alpe d'Huez, ambao ni kipimo maarufu cha mashujaa wa mbio za Tour de France, huku wakihesabiwa dakika. Siku hiyo magazeti ya nje yaliwaandika kama wanaspoti. Miguu ilikuwa ile ile iliyobeba abiria Eldoret. Kilichobadilika ni kwamba palikuwa na mstari wa kuanzia, mstari wa kumalizia na mtu mwenye saa.

Mfano wa pili uko hapo hapo mpakani. Kwa miaka mingi watu wenye ulemavu wa miguu wamekuwa wakivusha bidhaa Busia kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazozungushwa kwa mikono. Mizigo hurundikwa hadi mwendeshaji hupotea machoni. Mbio za baiskeli za mikono ziliingia katika Michezo ya Olimpiki ya Walemavu mjini Athens mwaka 2004, na washindi hupewa medali. Yule wa Athens ni mwanaspoti. Yule wa Busia, mwenye mikono iliyokomaa vivyo hivyo, ni mchukuzi.

Ndipo tunapogundua kwamba jasho peke yake halifanyi spoti. Lingekuwa linafanya, Busia ingekuwa na mabingwa wengi kuliko Nairobi. Na kukosa jasho vile vile hakuondoi spoti. Kulenga shabaha kumo katika Olimpiki tangu mwaka 1896, na mlengaji hodari ni yule asiyetikisika hata kidogo. Sataranji, ambayo wachezaji wake huketi saa nne bila kuinuka, ilitambuliwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 1999.

Kwa habari hiyo ya sataranji, vuka mpaka tu uende Uganda. Phiona Mutesi alikulia katika mtaa wa mabanda wa Katwe, Kampala, akauza mahindi barabarani, akafundishwa mchezo huo na Robert Katende. Mwaka 2010 aliiwakilisha Uganda katika mashindano ya dunia ya sataranji nchini Urusi. Maisha yake yakaandikiwa kitabu, na mwaka 2016 yakatolewa filamu. Aliketi kitako, naam, lakini aliinuka akiwa mtu mwingine.

DUNIA IMEAMUA NINI?

Mashindano ya michezo ya kompyuta si jambo la jana. Mwezi Oktoba mwaka 1972 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walishindana mchezo wa vita vya angani uitwao Spacewar, na zawadi ya mshindi ilikuwa kupelekewa jarida la Rolling Stone kwa mwaka mmoja. Kutoka zawadi hiyo ya magazeti, mambo yalikua hadi Korea Kusini ikaunda chama cha kusimamia mashindano hayo mwaka 2000, na mechi zikawa zinaonyeshwa kwenye runinga kama kandanda.

Mwaka 2018 michezo hiyo iliingizwa kwa majaribio katika Michezo ya Asia mjini Jakarta. Katika Michezo ya Asia ya Hangzhou, ambayo ilikuwa ya mwaka 2022 lakini ikachezwa mwaka 2023 kwa sababu ya korona, medali kamili zilitolewa katika michezo saba ya vidio. Mshindi alipanda jukwaani, bendera ikapandishwa, wimbo wa taifa ukapigwa.

Wakuu wa Olimpiki wenyewe wangali wanapapasa. Julai 2024 walipitisha kuanzishwa kwa Michezo ya Olimpiki ya kielektroniki, iliyo kando na Olimpiki tunayoijua, wakishirikiana na Saudi Arabia. Mwaka 2025 wakasema ingefanyika Riyadh mwaka 2027. Oktoba mwaka huo huo wa 2025 wakatangaza kwamba mapatano hayo yamevunjwa. Kwa hiyo mzazi asiyeelewa mambo haya asijione mshamba. Hata wenye kamati, mawakili na mabilioni hawajakata shauri.

Na sheria yetu ya Kenya je? Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 haikuufungia mchezo ndani ya misuli. Inataja shughuli za mwili au za akili, ikiwa zina lengo la kuboresha afya, kujenga uhusiano kati ya watu au kupata matokeo ya ushindani. Sheria hiyo pia ilileta ofisi ya Msajili wa Michezo, ili vyama vya michezo viandikishwe na viongozi wake wajulikane.

Wapo pia Wakenya waliotangulia. Sylvia Gathoni, anayejulikana kwa jina la Queen Arrow, alikuwa mwanafunzi wa sheria alipotia saini na timu ya Marekani mwaka 2018 kucheza Tekken, mchezo wa kupigana. Msichana huyo hakuacha masomo ili acheze. Aliyabeba yote mawili.

WANAOPINGA WANA HOJA

Usidhani, msomaji, kwamba anayepinga ni mzee asiyetaka mambo mapya. Kuna hoja tatu nzito.

Ya kwanza ni ya umiliki. Kandanda haina mwenyewe. Mtoto wa Malaba akifunga matambara kwa kamba akapata mpira, hakuna wa kumdai. Mchezo wa vidio una mwenyewe, nayo ni kampuni. Kampuni ndiyo inayoandika kanuni, ndiyo inayozibadilisha, na ndiyo inayoamua nani aandae mashindano. Mchezo maarufu wa kandanda uliojulikana kwa jina la FIFA tangu mwaka 1993 ulibadilishwa jina mwaka 2023 kwa sababu kampuni ya EA na shirika la FIFA hawakuelewana. Karibu kila mwaka hutoka toleo jipya la kununuliwa, na la zamani likishachakaa kampuni huzima mitambo yake. Hebu fikiria mtu angekuwa na uwezo wa kuizima riadha!

Hoja ya pili ni ya afya. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 autumikishe mwili wake kwa nguvu angalau dakika 60 kila siku, na padi haimtolei hizo dakika. Mwaka 2019 shirika hilo liliidhinisha uraibu wa michezo ya vidio kuwa katika orodha ya maradhi, na orodha hiyo ikaanza kutumika mwaka 2022. Usiogope bure, kwani si kila anayecheza ni mgonjwa. Dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya chakula, usingizi, masomo na jamaa, na kuendelea hata anapoona unamharibia maisha, kwa kawaida kwa muda wa mwaka mzima. China, ile ile iliyotoa medali za Hangzhou, ndiyo iliyoamuru mwaka 2021 kwamba walio chini ya miaka 18 wacheze kwenye intaneti saa moja tu Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na sikukuu.

Hoja ya tatu ni ya kamari, na hii ndiyo inayonitia hofu zaidi. "Anayefungwa analipa" inasikika kama utani. Kesho yake wawili wanawekeana dau la shilingi 50. Keshokutwa watazamaji nao wanaweka dau. Kutoka hapo hadi simu ya kubashiri matokeo ya mechi za Ulaya ni hatua moja, na mtoto ameshajifunza kwamba mchezo bila pesa mezani hauna ladha. Sheria ya Kenya hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari. Lakini mlangoni mwa vibanda vingi hakuna anayeuliza umri.

KIBANDA CHETU KIMEPUNGUKIWA NA NINI?

Ukizijumlisha hoja za pande zote, utaona kwamba tumekuwa tukiuliza swali nusu. Tunauliza kama mchezo wa vidio ni spoti. Mpira wa miguu wenyewe si spoti kila mahali unapopigwa. Vijana 20 wakiucheza barabarani Malaba kati ya malori, bila refa, wakati wenzao wako darasani, hiyo ni hatari tu. Mpira ule ule ukipigwa uwanjani, kwa kanuni, chini ya mwalimu, jioni baada ya masomo, unakuwa spoti.

Vivyo hivyo kwa vidio. Yule wa Hangzhou alikuwa na mkufunzi, ratiba, mwamuzi na chama kinachojibu maswali. Yule wa kibandani kwetu ana runinga, padi na mwenye kibanda anayetaka shilingi iingie. Mchezo ni mmoja, lakini kilichouzunguka ni mbalimbali kama mbingu na ardhi. Ni sawa na yule wa boda na yule wa Alpe d'Huez: kipaji kipo, kinachokosekana ni mstari, saa na msimamizi.

Kuna wanaodhani vitu hivyo haviwezekani mpakani kwa sababu hatuna mitambo. Ni kweli kwamba nyaya za intaneti zitokazo Mombasa kwenda Kampala hupita huku kwetu, lakini kompyuta kuu za michezo mingi ziko mbali ng'ambo. Mchezaji wa Busia akibonyeza, amri yake husafiri safari ndefu, na katika mchezo wa kupigana hata sehemu ya kumi ya sekunde hutosha kukuangusha chini. Hata hivyo, kandanda ya vidio na michezo ya kupigana haihitaji intaneti wachezaji wakiwa wameketi mbele ya mashine moja. Arslan Ash wa Pakistan alikulia kwenye vibanda vya michezo vya mji wa Lahore. Mwaka 2019 alihangaika na viza na safari za ndege, akafika Japani amechoka, akatwaa ubingwa wa Tekken, kisha akautwaa tena Las Vegas mwaka huo huo. Wengi katika ulimwengu wa mchezo huo hawakuwa wamemsikia. Alinolewa na majirani zake.

Nasi tuna majirani wazuri. Waiteso wako Malaba na wako Tororo. Wasamia wako pande zote mbili. Na tangu kituo cha pamoja cha mpaka kilipozinduliwa rasmi Busia mwaka 2018, msafiri hukaguliwa mahali pamoja. Kombe la shule za Busia ya Kenya na Busia ya Uganda halihitaji meli wala ndege. Linahitaji runinga chache, jenereta ya akiba umeme unapopotea, walimu wawili wa kuwa waamuzi, na kanuni moja isiyovunjwa: hakuna dau.

WEWE MZAZI UFANYE NINI?

Usianze na fimbo. Ukimpiga, atahama kibanda, na cha pili kitakuwa mbali zaidi nawe. Anza kwa kwenda mwenyewe. Ingia, salimu, kaa dakika 20 utazame. Muulize mwenye kibanda maswali ambayo ungemuuliza mkufunzi yeyote wa mtoto wako. Unafungua saa ngapi siku za shule? Unawaruhusu wenye sare? Nani huamua ugomvi ukizuka? Pesa huwekwa mezani? Mchezo wenye damu na bunduki huonyeshwa mtoto wa darasa la tatu? Akijibu bila kona, una mtu wa kushirikiana naye. Akianza kukasirika, umeshapata jibu.

Kisha rudi nyumbani ukae na kijana wako. Kama anasema ni spoti, mkubalie kwa masharti ya spoti. Mwanariadha ana saa ya mazoezi na saa ya kupumzika, basi naye awe nazo. Mwanariadha hulala mapema, hula vizuri na huutunza mwili wake, basi naye akimbie au apige mpira saa nzima kabla ya kushika padi. Mwanariadha hana dau mfukoni. Na mwanariadha hupimwa, basi naye aandike matokeo yake, nani alimfunga na kwa nini. Kijana atakayeyakubali masharti hayo, huenda kweli ana kipaji. Atakayeyakimbia alikuwa anatafuta kivuli tu.

Wewe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, usiushangilie mapema. Ni wachache mno duniani wanaokula kwa padi, kama walivyo wachache wanaokula kwa mguu wa kushoto. Lakini kazi zinazozunguka michezo hii ni nyingi kuliko wachezaji. Kuna wanaoandika programu zake, wanaochora wahusika wake, wanaotengeneza mashine, wanaotangaza mechi na wanaosimamia mashindano. Milango ya kazi hizo hufunguliwa na hesabu, lugha na sayansi, masomo yale yale yanayofundishwa saa ambazo kibanda kinakuita.

Basi jibu langu ni hili. Mchezo wa vidio unaweza kuwa spoti, na yeyote asemaye hauwezi kwa sababu hauna jasho, na aje Busia atuambie ni kwa nini wa boda hana medali. Lakini kibanda kisicho na mwamuzi, kisicho na saa ya kufunga, kinachomlipisha mtoto kwa kushindwa, hicho si spoti hata kikibandikwa picha ya Messi mlangoni. Mcheza kwao hutuzwa, walisema wahenga. Hawakusema atuzwe na mwenye kibanda. Wa kumtuza ni sisi wa kwao, na tuzo la kwanza ni kujua anacheza nini, wapi, na nani, na hadi saa ngapi.